Mfarishi wa Leso za Bi Mwanatumu

Mwanamkuu wa Kibuyuni alikuwa na mikono isiyojua kukaa bure. Maji yakitoka, alikuwa baharini akifunga mwani kwenye kamba. Maji yakijaa, alikuwa barazani na sindano. Mumewe Abdalla, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka wageni Wasini kwa mashua, alipenda kusema kwamba hata mkewe akilala, vidole vyake huendelea kushona.

Mwezi huo Mwanamkuu alikuwa akishona mfarishi. Mfarishi ni nguo ya kujifunika au ya kutandika, yenye tabaka tatu. Juu huwa na vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati huwa na kitu cha kuupa unene, na chini huwa na kitambaa kizima. Mwanamkuu alikuwa akimshonea mjukuu wake wa kwanza. Mjukuu huyo alikuwa bado tumboni mwa mama yake, Zulekha, aliyeolewa Msambweni. Zulekha alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikubaliwa kwamba atajifungulia hospitalini, kisha atakuja kukaa arubaini kwa mama yake, kama ilivyo desturi.

Lakini huo haukuwa mfarishi hivi hivi. Miezi mitatu iliyopita, mama yake Mwanamkuu, Bi Mwanatumu, alikuwa amefariki dunia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na leso nyingi, yaani kanga, ingawa mwishoni zilibaki nne tu. Zilikuwa leso nyeupe zenye maua ya buluu na meusi, laini kwa kufuliwa miaka na miaka. Siku za mwisho Bi Mwanatumu alikuwa akisema neno moja kila alipoamka. Alisema hataondoka kabla ya kumbeba kitukuu wake kwa leso yake mwenyewe.

Aliondoka kabla. Mungu hapangiwi. Basi Mwanamkuu akaapa kwamba mtoto huyo atabebwa na leso za bibi yake mkuu, hata kama mwenyewe hayupo. Akazitoa zile leso nne sandukuni, akazikata.

Kukata leso za marehemu si jambo jepesi. Leso ikishakatwa haiungiki ikawa kama zamani, na Bi Mwanatumu hakuacha nyingine. Mwanamkuu alikata huku akilia, na alijua kwamba akikosea hana pa kuanzia upya.

Jirani yake wa upande wa pili wa ua aliitwa Veronicah. Alitoka Busia. Mumewe, Jethro, alikuwa mwalimu katika shule ya hapo kijijini. Kabla ya hapo Veronicah alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kule Diani. Mwanamkuu hakuwa na ugomvi naye, lakini pia hakuwa na haja naye. Veronicah hakujua kutoa shikamoo. Akifika alisema, "Sasa, Mama Zulekha," kama anayesalimiana na kijana mwenzake. Tena alisema "kuosha nguo," wakati kila mtu anajua kwamba nguo hufuliwa na vyombo ndivyo huoshwa. Kwa Mwanamkuu, mtu wa namna hiyo hakuwa na la kumfunza kuhusu leso.

Siku moja Veronicah alipita, akamkuta Mwanamkuu akipigana na uzi. Uzi ulikuwa unajisokota na kufanya vifundo kila baada ya mishono mitatu. Veronicah alichungulia, akasema kwamba hotelini walikuwa wakiupitisha uzi juu ya kipande cha mshumaa, nao huwa haujisokoti tena. Pia akasema uzi usizidi urefu wa mkono kutoka vidoleni hadi kiwikoni na kurudi. Mwanamkuu aliitikia "ahsante" ya kumfukuzia mtu. Veronicah alipoondoka tu, Mwanamkuu akaingia ndani kutafuta mshumaa. Uzi ukatulia. Hakumwambia mtu.

Siku iliyofuata Veronicah alipita tena, akamwona akishona pindo la mfarishi. Pindo hilo lilikuwa la leso mpya, nyekundu kama pilipili, aliyoinunua Ukunda. Ilikuwa bado na ule ugumu wa dukani na harufu yake ya dukani.

"Mama Zulekha, hiyo nyekundu umeosha kwanza?" Veronicah aliuliza.

"Zawadi haifuliwi, Mama Ivan," Mwanamkuu akamjibu bila kuinua macho. "Ukishaitia maji inakuwa mtumba. Wewe utampa mtu zawadi iliyokwisha kutumika?"

Veronicah alijaribu kusema kwamba kitambaa kipya hutoa rangi na tena hurudi, yaani kikilowa mara ya kwanza hupungua urefu na upana. Mwanamkuu akamkatiza. Alimweleza kwamba pwani leso hutolewa ikiwa mpya, na mpokeaji huinusa kwanza ndipo akashukuru. Alisema hayo kwa upole, lakini ulikuwa upole wa kufunga mlango. Veronicah akaenda zake.

Kazi ikaisha siku ya Alhamisi. Mfarishi ulikuwa mzuri, kweli ulikuwa mzuri. Maua ya buluu ya Bi Mwanatumu yalikaa katikati, na pindo jekundu likazunguka pande zote nne. Abdalla alikaa akiutazama, akasahau chai yake.

Zawadi haifuliwi, lakini zawadi hutiwa marashi. Hilo nalo Mwanamkuu alilijua tangu utotoni. Akachukua mrashi, kile chombo chenye shingo nyembamba, akaunyunyizia mfarishi marashi ya waridi. Hakufanya ubahili. Alinyunyiza juu, akageuza, akanyunyiza chini. Kisha akaukunja ungali na unyevu, ili harufu ishike, akautia sandukuni na kufunika.

Ijumaa asubuhi alifungua sanduku ili aunuse. Harufu ilikuwa nzuri. Alipoukunjua, aliona balaa. Wekundu wa pindo ulikuwa umehama. Ulikuwa umeingia kwenye zile leso nyeupe za Bi Mwanatumu, hapa doa, pale doa, na palipogusana mikunjo palikuwa na michirizi mirefu. Tena pindo lenyewe lilikuwa limejivuta, na pembe za mfarishi zimejikunjakunja kama mtu aliyekunja uso.

Mwanamkuu alikaa chini kwenye sakafu. Hakulia kwanza. Alihisi kwamba amemzika mama yake mara ya pili, na mara hii kwa mikono yake mwenyewe.

Abdalla alikuja mbio na mashauri, maana mwanamume akiona mkewe amekaa sakafuni hushauri lolote. Alisema watie dawa ya kung'arisha nguo. Kisha akasema la, watie chumvi, alisikia chumvi hushika rangi. Kisha akasema waanike juani upesi, jua litakula ule wekundu. Mwanamkuu akainuka kwenda kuuanika. Alifika kwenye kamba ya nguo, akautupa mfarishi juu yake, halafu akasimama. Ng'ambo ya ua, Veronicah alikuwa akifagia.

Hizo zilikuwa hatua kama ishirini tu. Mwanamkuu baadaye alisema kwamba hajawahi kutembea safari ndefu kama hiyo. Aliutoa mfarishi kwenye kamba, akaubeba kwa mikono miwili, akavuka ua.

"Mama Ivan," alisema, "ulinambia, nami sikusikia. Leso hizi za mama yangu, na sina nyingine. Nifanyeje?"

Veronicah aliweka ufagio chini. Hakusema "si nilikwambia." Watu wengi wangesema. Aliushika mfarishi, akaupapasa na kuuliza jambo moja tu.

"Umeanika? Umepiga pasi?"

"La. Nilitaka kuuanika sasa hivi."

"Basi kuna nafasi. Usiache ikauke. Rangi ikikauka juani au ikipigwa pasi, inashika. Ikiwa bado mbichi, bado tunaweza kuitoa."

Akamweleza kwa maneno mepesi. Kitambaa kipya huwa na rangi iliyozidi, ambayo haikushika vizuri. Rangi hiyo ikipata maji machache, kama marashi, hutembea mpaka kitambaa cha jirani na kuhamia huko. Ikipata maji mengi ya moto yenye sabuni, huelea majini, nawe ukaimwaga. Kwa hiyo, alisema, tatizo halikuwa maji. Tatizo lilikuwa maji machache.

Mwanamkuu aliuliza kuhusu chumvi. Veronicah alitikisa kichwa. Alisema chumvi haiiondoi rangi iliyokwisha kuingia pasipo pake, na dawa ya kung'arisha ingekula yale maua ya buluu na kuuchosha uzi wa leso kuukuu. Abdalla, aliyekuwa amewafuata, akasema kwamba yeye alikuwa akibahatisha tu.

Kwanza walichukua mkasi mdogo, wakafumua pindo jekundu lote. "Toa mwizi ndani ya nyumba, ndipo ufagie," Veronicah alisema. Hawakulivuta. Walikata mshono mmoja, wakaruka mitatu, wakakata mwingine, kisha uzi ukatoka wenyewe bila kuchana kitambaa.

Halafu likaja jambo la maji. Kisima cha Mwanamkuu kilikuwa na maji ya magadi, na sabuni haitoi povu zuri kwenye maji hayo. Veronicah alikuwa na pipa la maji ya mvua, ambalo mumewe alilitega chini ya bati. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na maji hayo ndiyo aliyokuwa akiyapikia. Aliyatoa. Mwanamkuu alimwona akiyachota ndoo baada ya ndoo, akaona haya.

Wakayachemsha, wakayatia kwenye beseni kubwa la kuoshea mwani. Yalipopoa kiasi cha mkono kuyavumilia, wakatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nyingi kuliko Mwanamkuu alivyozoea. Mfarishi ukazama wote. Veronicah aliweka sahani juu yake ili hata pembe moja isitokeze, kwa sababu sehemu inayotokeza hukauka na kubaki na doa. Hawakuusugua wala hawakuukamua. Waliuacha tu.

Baada ya saa moja maji yalikuwa ya waridi. Mwanamkuu akataka kuutoa. Veronicah akamwambia haraka haraka haina baraka, na Mwanamkuu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa kuwa aliyekuwa akifundishwa methali za pwani ni yeye. Mfarishi ukakaa majini tangu asubuhi hadi jua likachwa. Wakamwaga maji, wakatia mengine ya moto na sabuni nyingine, wakauacha mpaka alfajiri. Mwanamkuu aliposwali, alichota maji kwa kikombe cheupe, akayatazama mlangoni. Yalikuwa na wekundu hafifu. Wakabadilisha mara ya tatu. Adhuhuri alichota tena, na kikombe kikaonyesha maji matupu.

Wakausuuza na kuulaza juu ya mkeka kivulini. Madoa yalikuwa yametoka. Yalibaki mawili madogo, ya rangi ya waridi iliyofifia, karibu na ua moja la buluu. Mwanamkuu aliyatazama sana. Halafu alisema alhamdulillahi, akamshika Veronicah mkono na kuung'ang'ania.

Sasa palibaki pindo. Ile leso nyekundu waliifua peke yake mara nne, mpaka kitambaa cheupe kilicholoweshwa na kusuguliwa juu yake kikabaki cheupe. Veronicah alisema hicho ndicho kipimo: kabla hujakiunganisha kitambaa chochote, kisugue kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikiacha rangi, rudi ukakifue. Kisha leso ikapigwa pasi. Walipoipima, ilikuwa imerudi. Pindo lilipungua shubiri nzima, na pembe moja ya mfarishi ikabaki wazi.

"Si unaona," Veronicah alisema. "Hiyo shubiri ndiyo ilikuwa inavuta ikikunjakunja kila kitu. Zile za mama yako zilimaliza kurudi zamani. Ukishona mpya na nzee bila kuosha, moja inarudi na nyingine haitaki."

Mwanamkuu alifikiri. Angeweza kwenda Ukunda kununua leso nyingine. Badala yake aliuliza kama Veronicah ana kipande chochote kilichokwisha kufuliwa. Veronicah akaleta ncha ya kitenge chake cha kijani, alichokuja nacho kutoka Busia. Akasema kimechakaa, hakifai kwa kazi nzuri kama hiyo. Mwanamkuu akakikata pale pale kabla mwenyewe hajabadili nia.

Siku mbili zilizofuata waliufumua mfarishi wote na kuushona upya pamoja, na Mwanamkuu hakufunga tena mlango. Aliona kwamba mambo mengi magumu yana njia fupi. Chaki ya fundi hawakuwa nayo, lakini kipande cha sabuni kilichokwisha hadi kuwa chembamba huchora mstari mzuri, na mstari huo hutoka ukifuliwa. Vipande havikupimwa tena kwa macho. Walikata mraba mmoja wa karatasi ngumu kutoka boksi la majani ya chai, wakaufuata huo huo kwa vyote. Mwanamkuu aliinua kila kipande cha leso kuukuu kwenye mwanga wa dirisha. Palipopenya mwanga sana palikuwa pamechakaa, hasa katikati pa leso, pale mtu anapokalia. Sehemu hiyo aliikata na kuiacha, akaweka kipande cha ukingoni chenye nguvu.

Kwa unene wa katikati alikuwa ametia kipande cha blanketi. Veronicah akamkumbusha kwamba hapa si Limuru kwenye baridi, mtoto wa Kibuyuni ataokwa kama mkate. Wakalitoa blanketi, wakatia shuka la pamba lililochakaa. Walitandaza tabaka zote tatu sakafuni, wakaweka sahani pembeni ili zisihame. Wakazishikiza kwa pini za buibui, wakianzia katikati kwenda nje, ili mikunjo isukumwe itokee ukingoni. Halafu Mwanamkuu akapiga bandi, mishono mirefu ya muda, na kila pini akaitoa na kuihesabu. Pini iliyosahaulika ndani ya nguo ya mtoto ni hatari, na alizihesabu mara mbili.

Zulekha alijifungua siku tisa baadaye, mtoto wa kiume, salama. Wakamwita Muzammil. Muuguzi wa hospitali alimwambia Zulekha kwamba mtoto mchanga akilala asifunikwe nguo nzito wala kufunikwa uso. Kwa hiyo mfarishi ulikuwa wa kumbebea na kumlaza juu yake mchana, huku mtu akimwangalia. Walipofika Kibuyuni, Mwanamkuu aliutandaza mapajani, akampokea mtoto juu ya maua ya bibi yake mkuu. Zulekha alizitambua zile leso mara moja. Alifunika mdomo kwa kiganja, akalia.

Siku ya tano nyumba ilikuwa imejaa wageni. Muzammil, ambaye hakujali wageni wala heshima, akaulowesha mfarishi wote.

Zulekha alimtazama mama yake kwa hofu.

"Nisamehe, Mama. Nitaufuta kwa kitambaa tu. Sitautia maji."

Mwanamkuu alimpa Veronicah mtoto ambebe. Akauchukua mfarishi, akaenda nao uani, akajaza beseni, akatia sabuni. Akauzamisha wote, akaubonyeza mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akauinua na kutazama ndani ya beseni. Aliona povu na maji tu. Hapakuwa na tone la nyekundu, wala buluu, wala kijani.

Wageni walikuwa wamemfuata mpaka mlangoni. Mwanamkuu aliugeukia mlango huo akiwa na mikono inayochuruzika.

"Mama yangu alizifua leso hizi kila wiki, maisha yake yote," alisema. "Zawadi isiyoweza kufuliwa si ya mtoto, ni ya sanduku. Nami nilikuwa nataka kuitia sandukuni."

Akauanika kivulini, kwenye kamba iliyopita kati ya nyumba yake na ya Veronicah. Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuwa na leso mpya mfukoni ya kumpa Zulekha, alimwendea Veronicah polepole na kumwuliza atajuaje kama hiyo nayo itatoa rangi.

Upepo wa siku hiyo ulikuwa mwema. Kabla ya alasiri mfarishi ulikuwa mkavu, umenyooka, pembe zote nne zimetulia. Zulekha aliushusha, akamlaza mwanawe juu yake, na Bi Mwanatumu akambeba kitukuu wake kwa mara ya pili siku hiyo.